Aliugua kwa Muda Mfupi

Jumamosi iliyopita Mama Neema alikula sombe jikoni kwangu, hapa Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, na mimi nikashindwa kumeza tonge hata moja. Wanaonijua watacheka, maana mimi si mtu wa kushindwa na ugali. Lakini meza hiyo nilikuwa nimeingoja na kuiogopa kwa miaka kumi na minane, tangu mumewe, Mwalimu Zakaria, alipouawa bombani kule kambini, mchana kweupe, foleni nzima ya maji ikitazama. Mama Neema ameletwa nchi hii mwezi uliopita tu. Bintiye Neema, aliyemtangulia kuja, alimshusha mlangoni kwangu saa sita, akaniambia kwa Kiingereza kwamba atamfuata shifti ikiisha, akaondoka zake. Yule mama akavua viatu, akavipanga ukutani, akashika hita kwa viganja viwili na kusema, "Kumbe nyumba yako iko na joto. Kwa Neema ni barafu tupu." Basi. Miaka yote hiyo, na neno la kwanza likawa joto la nyumba.

Nilikuwa na jambo la kumwambia, na sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Aliyelijua ni mmoja tu, Tantine Vero, mama yangu mdogo, ambaye naishi naye mpaka leo. Alikuwa ameketi karibu na hita, magoti yamefungwa vitambaa, akinikodolea macho kila nilipopita na sahani. Tantine akitaka useme kitu hasemi "sema". Anakutazama mpaka nguo zikubane. Nami nikawa naleta pilipili, naleta maji, narudisha maji, nauliza kama chumvi imetosha. Mama Neema akasema chumvi imetosha. Nikaleta chumvi.

Habari za ukoo na kijiji changu sitazianza, hatutamaliza. Naanza na mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kambini na Tantine, tumepewa fleti ya serikali ghorofa ya pili, karibu na hospitali. Zulia lilikuwa la kahawia na lilikuwa na alama ya pasi, waliotutangulia waliliunguza. Tantine akaifunika alama kwa meza ndogo, na kila asubuhi mimi nikawa najigonga muundi kwenye meza hiyo. Darini kulikuwa na kile kidude cha kunusa moshi. Tukikaanga ndagala, dagaa wetu, kinapiga yowe, jengo zima linajua Wakongo wanakula. Tantine alikuwa akipanda juu ya kiti na taulo mkononi, akikipepea na kukitukana kwa Kibembe. Jumamosi tulipanda treni kwenda Cabramatta, tukapekua majokofu ya maduka ya Wavietnamu kutafuta majani ya muhogo yaliyogandishwa ya kupikia sombe, na siku ya kwanza tulipoyapata Tantine aliibusu pakiti mbele ya mwenye duka. Nilikuwa mchanga, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na sikuona tabu yoyote.

Kila mkimbizi aliyepandishwa ndege anaujua ule mfuko wa plastiki wa karatasi za safari, unaoubeba kifuani uwanja mzima wa ndege, na ndani yake picha za eksirei za mapafu yako. Mfuko wangu ulikuwa na kitu cha ziada. Kati ya picha za mapafu nilikuwa nimechomeka daftari la shule, nakala niliyoiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Zakaria alitufundisha darasa la sita chini ya turubai, kisha akaacha ualimu akaanza kazi ya kusikiliza watu. Walimjia wasichana walioambiwa kwamba kadi ya chakula itatoka wakikubali kwenda kulala na mtu fulani. Mtu fulani alikuwa na jina. Alikuwa Shefu wa zoni yetu, Mkongo mwenzetu, tuliyemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Mwalimu alisikiliza na mimi nikaandika. Nilikuwa karani wake kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na mdomo wangu, alivyodhani yeye, ulikuwa mzito.

Alikuwa na sheria moja, na ole wako uivunje. Ukurasa ulikunjwa upande wa kushoto ukabaki na ukanda mwembamba. "Ulichoona kwa macho yako, andika katikati," alisema. "Ulichosikia, andika pembeni. Usichokijua, acha nafasi, usiijaze na hasira yako." Mama mmoja alikuja akilia, akasema Shefu ni shetani. Mwalimu akamuuliza, "Ulimwona na mkia?" Mama akasema hapana, lakini kila mtu anajua. "Riziki, acha nafasi," akaniambia. Yule mama alikasirika, mimi nilikasirika zaidi, nikamwambia Mwalimu kwamba anawatetea wabaya. Yeye alimpa mama yule maji, akamngoja, akamuuliza tena polepole, na tulipomaliza katikati ya ukurasa kulikuwa na mistari kumi na sita ambayo hakuna wakili duniani angeweza kuifuta. Leo nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kila ninapoandika ripoti ya shifti ule ukanda wa kushoto nauona, ingawa naandika kwenye kompyuta.

Nilipofika Sydney kazi yangu ilikuwa kulifikisha lile daftari. Niliuliza hapa na pale, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwanasheria mwenye ofisi kule Kensington, karibu na chuo kikuu. Treni, basi, kupotea, kuuliza wanafunzi. Alisoma kurasa nne, akainuka akafunga mlango, akasoma zilizobaki nikimtazama. Baada ya majuma machache akaniita tena. Daftari limekwenda mahali panapostahili, akasema, na watatumwa watu kambini kuuliza. Kisha akanionya: hili usiliseme kwa simu. Nikaitikia. Nilitingisha kichwa kabisa, naapa.

Sasa mtu wa hapa hawezi kuielewa simu yetu ya wakati ule. Huku simu ni ya mtu mmoja, anajifungia chumbani na kunong'ona. Kule, simu ikitoka ng'ambo ni ya mtaa. Ukiipokea ukaenda nayo kando, umewatukana majirani; watasema unaficha msaada, watakununia mwezi mzima. Kwa hiyo inawekwa spika, inawekwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, watu wanaketi kuizunguka, na kila mmoja atakusalimu kwa zamu hata kama hakujui. Hakuna siri. Hakuna hata aliyewahi kufikiri kwamba ingepaswa kuwepo. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile. Kwetu jioni inaingia, kule asubuhi wametoka kanisani. Tantine alikuwa anachambua mchele, mimi nimeketi kwenye zulia, nikapiga. Mama Neema akapokea, nikasikia makelele, watoto, mtu anakohoa, benchi linavutwa. Akaja Mwalimu. Nami furaha ikanipanda kichwani. Nikasema, "Mwalimu, lile daftari limefika! Wamelisoma lote. Wanatuma watu waje kuuliza."

Nikasikia minong'ono, sikushika neno. Kisha Mwalimu akasema, "Rudia, mwanangu. Mtandao mbaya." Nikarudia. Nilipaza sauti mpaka Tantine akaacha mchele. Akauliza, "Na majina?" Nikajibu, kwa sauti ileile ya mtu anayeita watu ng'ambo ya mto, "Yote, Mwalimu! Hata la Shefu!" Tantine alinipokonya simu mkononi lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tukaitazama ile simu sote wawili. Ndani yake watu wakaanza kusalimu kwa zamu, mmoja mmoja, habari za Australia, kuna baridi, mnatukumbuka. Wa nne au wa tano kusalimu alikuwa karani wa Shefu.

Wiki ya pili yake, jirani mmoja wa kule kambini alimpigia Tantine. Vijana watatu walikuja bombani asubuhi, wakamwita Mwalimu kwa jina, akageuka na ndoo mkononi, wakampiga risasi. Foleni nzima ya maji, na hakuna aliyeona. Tantine alinieleza hivyo akiwa amesimama, koti la kazini bado mwilini. Sikulia. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alikuja akasimama mlangoni nyuma yangu, nikangoja aseme kwamba ni mdomo wangu. Hakusema. Wala siku ile, wala mwaka ule, wala tulipokuja kugombana mpaka tukarushiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Silaha ile alikuwa nayo mkononi na hakuwahi kuitumia. Simjui mwanadamu mwingine ambaye angeweza.

Tukafanya matanga kwenye fleti. Wakongo walitoka kila pembe, viti vya plastiki vikapanda ngazi, Tantine akakitoa betri kile kidude cha darini na kukiambia kipumzike. Sisi mtu akiingia matangani hulia kwanza, huketi, hujifuta, kisha huuliza, "Ilikuwaje?" Na mwenye msiba humsimulia mwanzo mpaka mwisho, kila anayeingia, hata wakiwa mia. Ukikataa kusimulia, watu watajua una la kuficha. Siku ya kwanza Tantine alisimulia sawasawa: bomba, vijana watatu, ndoo. Siku ya pili alikuja Papa Balthazar. Huyu alikuwa presidenti wa jumuiya yetu, shemasi wa kanisa, mtu wa suti na wa maneno laini, aliyewasaidia wengi kujaza fomu, lazima niseme ukweli. Alikuwa pia mdogo wake Shefu, tumbo moja.

Nilikuwa jikoni nakoroga maziwa ya chai. Wao walisimama koridoni, na ukuta wa fleti zile ni karatasi. "Véronique," nikamsikia, "bwana yako Amisi iko kule bado. Dosye yake, makaratasi ya kuja huku, iko wapi? Iko juu ya meza ya mtu. Ile mtu akisikia sisi Wakongo ya Sydney tunaleta fujo, dosye inashuka chini ya meza. Na kule, Amisi analala bila mlinzi. Sema Zakaria aliugua. Kuugua ni kitu ya kila mtu."

"Na Zakaria je?" Tantine akauliza.

"Zakaria alishakufa. Amisi yuko hai."

Maziwa yakafurika yakamwagika. Nilisikia Tantine akivuta pumzi, nikasikia anasema sawa, Papa. Tangu saa ile kila aliyeuliza ilikuwaje aliambiwa, "Aliugua kwa muda mfupi." Nilimchukia Tantine siku zile, na sasa namwelewa, na bado nasema alikosea. Tonton Amisi alikuwa mume wake. Tantine ndiye aliyekuwa akilala peke yake upande wa kushoto wa kitanda, upande wa kulia ukiwa umetandikwa. Mimi nilikuwa na nini cha kupoteza? Kitu kimoja tu, na hicho nilikuwa nimekificha vizuri kuliko wote.

Ibada ya kumkumbuka ilipangwa Jumamosi iliyofuata, kwenye ukumbi wa kukodi. Nikateuliwa kusoma wasifu wa marehemu kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake na nilisoma bila kukwama. Karatasi aliiandika Papa Balthazar mwenyewe, nami nikapewa niipeleke ikachapwe. Pale chuo cha ufundi nilikuwa nasoma kozi ya kuhudumia wazee pamoja na Wanjiru, Mkenya wa Nakuru, mtu asiye na kona. Akaketi kwenye kompyuta ya maktaba, akachapa, alizaliwa, alisoma, alioa, kisha vidole vikasimama.

"Aliugua nini?" akaniuliza.

"Kwa muda mfupi."

"Nimeona muda. Nauliza ugonjwa. Malaria? Presha? Si juzi tu tumefundishwa huwezi andika mgonjwa ameanguka kama hukuona akianguka?" Akanigeukia. "Riziki, manze, niangalie. Huyu mtu aliugua kweli?"

Nikamwambia alipigwa risasi. Wanjiru akaondoa mikono kwenye kibodi kabisa, akaikalia. "Aki mimi hiyo siandiki," akasema. "Chapa wewe. Hiyo sentensi uichape na vidole vyako." Nikachapa. Maneno manne, na yalinichukua muda mrefu kuliko ukurasa mzima, kisha tukachapisha nakala mia na hamsini zenye picha ya Mwalimu amevaa tai ya kuazima.

Ukumbi ulijaa. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata, watu wamevaa vitenge juu ya makoti. Papa Balthazar aliketi mbele, mkono wake juu ya goti, na Tantine upande wa pili, akiitazama sakafu. Niliposimama nilikuwa nimeamua kusoma kilichoandikwa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wamenigeuza shujaa niliyepanga. Sikupanga chochote. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma shule, nikasoma ndoa, nikafika kwenye mstari ule, na karatasi nikaona nimeikunja. Vidole vyenyewe vilikuwa vimekunja ule ukanda wa kushoto, kama nilivyozoea kumkunjia Mwalimu kila asubuhi. Nikaiangalia karatasi ile, nikainua kichwa.

Nikasema, "Hapa imeandikwa aliugua. Marehemu alinifundisha kwamba katikati ya ukurasa tunaandika tulichoona. Nani hapa alimwona Mwalimu Zakaria akiugua? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono. Papa Balthazar akageuka akamwashiria kijana wa mitambo, na maiki ikafa. Basi, walisahau mimi nimekulia kambini. Sauti yangu ilikuwa imeita majina kwenye foleni za unga, bila maiki na mvua ikipiga mabati. Nikaisukuma maiki kando. "Papa Balthazar," nikasema, "aliugua nini?" Akasimama akasema kwa upole, "Mwanangu, keti, una majonzi." Na hapo, nyuma kabisa, mwanamke mmoja mzee ambaye mpaka leo simjui akauliza, kama anavyouliza mtu aliyefika matangani sasa hivi, "Ilikuwaje?"

Mwingine akaitikia upande wa madirisha, "Eeh, ilikuwaje?" Kisha wakawa wengi. Ikishaulizwa hivyo, hata shemasi hawezi kukuketisha. Nikasimulia. Nikasema pembeni ya ukurasa nina haya: nimesikia walikuwa vijana watatu, nimesikia walimwita kwa jina, nimesikia alikuwa na ndoo, nimesikia kwa nini. Nikataja daftari, nikataja kadi za chakula na wasichana, nikamtaja Shefu kwa jina lake lote, jina ambalo mdogo wake aliketi akilisikia. "Katikati ya ukurasa," nikamalizia, "sina kitu, kwa sababu sikuwepo."

Na huo ukawa uongo wangu. Katikati nilikuwa na kitu. Kitu kimoja nilichokiona na kukisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwa sababu nilikisema kwa mdomo wangu nikiwa nimeketi juu ya zulia. Niliuanika ukweli wa kila mtu siku ile isipokuwa wangu. Tantine aliinua macho akanitazama, na aliponitazama nikajua anangoja. Nikaikunjua karatasi nikarudi kwenye kiti changu.

Hasara ilikuja. Nusu ya jumuiya iliacha kutusalimu, na kanisani benchi letu likawa refu ghafla. Tantine alikaa bila kunisemesha mpaka jakaranda zikachanua. Alinifunikia chakula kila siku kwa sahani nyingine, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Wachunguzi walifika kambini mwishoni mwa mwaka. Shefu alinyang'anywa mhuri akahamishiwa zoni nyingine, na mahakama hakuiona hata kwa dirisha. Tonton Amisi alikaa miaka minne zaidi kabla ya kuletwa. Kama ni kwa sababu yangu, sijui, naacha nafasi. Alikuja, akaishi na sisi vizuri, na sukari ikamchukua hapahapa hospitali ya Campbelltown, sote tumemshika mikono. Huyo ndiye aliyeugua. Tena si kwa muda mfupi.

Nami nikapata jina. Kila mwaka siku ya wakimbizi naitwa kusema mahali fulani, nasimama, nasimulia kuhusu maiki iliyozimwa, wananipigia makofi, natoa tabasamu. Binti za watu wananiambia kwa Kiingereza kwamba wanataka kuwa kama mimi. Nikirudi nyumbani Tantine ananiuliza, "Umesema yote?" Namwambia nimechoka, nataka kulala.

Basi Jumamosi, jikoni. Mama Neema alikuwa amesafisha sahani kwa tonge la mwisho. Tantine akagonga fimbo yake sakafuni. "Riziki, miguu yako haijachoka kuzunguka? Keti."

Nikaketi. Nikamwambia Mama Neema yote: mwanasheria alinionya, nilitingisha kichwa, furaha ikanipanda, nikapiga. Nikamwambia kwamba nilisema mara mbili. Hiyo mara ya pili ndiyo iliyokuwa ikinila. Mara ya kwanza ningeweza kujisamehe, mdomo umeteleza. Lakini niliambiwa mtandao mbaya, nikarudia kwa sauti kubwa, nikaongeza na jina. "Mimi ndiye niliyemwambia karani wa Shefu," nikasema. "Niliposimama ukumbini nilisema katikati ya ukurasa sina kitu. Nilikuwa nacho. Nilimwua mume wako kwa simu, Mama Neema, kisha nikapigiwa makofi." Nililia, ndiyo. Kwa kelele, na pua.

Yeye hakulia. Alichukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja. "Nani alikuambia mtandao ulikuwa mbaya?" akauliza.

"Mwalimu. Alisema nirudie."

"Simu niliishika mimi," akasema Mama Neema. "Mtandao ulikuwa safi, ulisikika mpaka kwa jirani. Uliposema tu daftari, nikamwona karani amekaa pale, tena kwenye kigoda changu, nikapeleka kidole nizime spika. Zakaria akanishika mkono huu. Nilimnong'oneza, baba, watu wanasikia. Akasema, 'Acha. Ongeza sauti. Wamelificha hili miaka mitatu, leo wasikie limefika.' Mimi nikakataa. Akaongeza yeye mwenyewe. Ndipo akakuambia urudie." Akakikunja kile kitambaa. "Na lile swali la majina. Uliliuliza wewe au yeye?"

"Yeye."

"Basi. Usimpokonye mume wangu kazi yake."

Nilimkasirikia Mwalimu, niseme ukweli, nilimkasirikia vibaya sana. Angeniachia neno, angenitumia mtu. Kisha nikamwona: ameinama juu ya ile simu, mbele ya karani, ananiagiza kwa upole wake wa darasa la sita nirudie somo, na mimi na mdomo wangu ninarudia vizuri kabisa. Nikacheka na machozi yakaendelea. Tantine alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia.

"Bado unaandika?" Mama Neema akaniuliza.

Nikaleta daftari na kalamu. Nikakunja ukurasa. Alinitazama nikiukunja, akautambua mkunjo ule, na hapo ndipo macho yake yakajaa. "Huko pembeni usiandike kitu," akasema. "Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Sikuhadithiwa. Kila mtu alisema hakuona, na mimi nilisema sikuona, kwa sababu nilikuwa na Neema mgongoni na ilibidi nimtoe pale hai. Neema ameshatoka. Andika katikati."

Akataja majina matatu, na la nne la Shefu aliyewatuma, na maneno aliyomsikia Shefu akiwaambia, kwa masikio yake mwenyewe. Niliandika mpaka mkono ukauma. Alipomaliza nilimsomea, akarekebisha mahali pawili, akatia sahihi, akavuta sahani ya matunda kwake kama mtu aliyemaliza kufua.

"Yule mdogo wake, Balthazar," akasema, "bado anasali kanisani kwenu?"

"Palepale. Benchi la mbele."

"Na ibada ya kesho inaanza saa ngapi?"

"Saa nne," akajibu Tantine kabla yangu, tayari ameshika fimbo yake. "Lakini tuwahi. Tukichelewa watatuweka nyuma."